Swichi Nyuma ya Mlango

"Umejuaje swichi iko hapo?"

Msafi alikuwa bado anacheka na dalali wa nyumba. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshazama nyuma ya mlango, chini, usawa wa paja, na taa ya chumba cha kulala ilikuwa imeshawaka. Hakuwa ameangalia wala hakupapasa.

"Swichi ipi?" akauliza.

"Hiyo uliyoiwasha."

Akautazama mkono wake kama vile umemsaliti, kisha akatabasamu lile tabasamu lililomjazia wateja kwenye saluni yake ya kunyolea.

"Aa, nimebahatisha tu, mpenzi. Twende tukaone jiko."

Sasa jamani, kuna watu wa kuambiwa habari za kubahatisha swichi, na kuna watu wa kutoambiwa. Mwanamke aliyeuliza alikuwa fundi umeme wa hospitali. Kazini walimwita Fundi, mtaani walimwita Fundi, na hata shangazi yake aliyemlea alishaliacha jina alilompa mwenyewe. Alijua kwamba fundi mwenye akili timamu huweka swichi upande wa kitasa, usawa wa kifua, ili mtu akifungua mlango mkono uikute. Hii ilikuwa upande wa bawaba, mlango ukifunguliwa unaifunika. Mgeni angepapasa ukuta mpaka achoke, aombe tochi.

Lakini nyumba alikuwa ameshaipenda, na hapo ndipo balaa lilipokuwa. Si kwa ukubwa, maana haikuwa kubwa. Aliipendea mtaa. Ulikuwa mji mdogo pembeni ya mji mkubwa, njia za miguu pana, miti kando, kila kitu karibu. Duka la mikate liko pale kwenye kona, la dawa linatazamana nalo, kuna soko dogo, shule, na hospitali yake ya kazi mwendo wa kumaliza kutafuna andazi. Fundi alikuwa amezeeka kwenye mabasi. Alitoka kwake gizani akarudi gizani, na kila Jumamosi alifanya vibarua vya kuvuta nyaya kwenye nyumba za watu ili siku moja avute kwenye yake. Akiba yote ya ujana wake ilikuwa inasubiri nyumba moja tu, na mwanaume mmoja wa kuishi naye humo. Nyumba ilikuwa hii. Mwanaume alikuwa Msafi.

Wale wawili walipoelekea jikoni, yeye alibaki chumbani. Akaanza kuangalia kuta kama anavyoangalia kazini. Swichi zote zilikuwa chini. Soketi zote zilikuwa zimepandishwa juu. Chooni kulikuwa na bomba la chuma ukutani, la kushikilia. Mlango wa nyuma haukuwa na ngazi, ulikuwa na mteremko wa saruji. Humu aliishi mtu asiyeweza kusimama.

Akamwita dalali, akamuuliza waliokaa hapa ni akina nani. Dalali akasema ni watu wazuri sana, wastaarabu, wamehama, na kwamba nyumba haina tatizo lolote. Hakuna aliyekuwa ameuliza habari za tatizo.

Fundi akarudi nyuma ya mlango, akachomoa testa, bisibisi yake ya kupimia umeme, mfukoni, akafungua kifuniko cha ile swichi. Kazi ya ndani ilikuwa mbovu, ya mtu aliyeshika bisibisi kwa mara ya kwanza. Ila kwenye waya wa moto palikuwa na kipande cha utepe wa njano, kimezungushwa mara mbili, na ncha ya waya imekunjwa kabla ya kukazwa na skrubu.

Utepe ule wa njano ulikuwa wake. Hakuna fundi mwingine anayefanya hivyo. Alijifunza kwa bwana mmoja aliyemfundisha kazi, na bwana yule alishafariki. Katika maisha yake yote aliwahi kumwelekeza mtu mmoja tu ambaye si fundi. Ilikuwa kwenye duka la vifaa vya umeme. Kijana mtanashati, shati limenyooshwa, alisimama mbele ya kaunta na swichi mkononi hajui aishike vipi. Alisema shangazi yake amepooza, anataka kumshushia swichi aifikie akiwa kitandani. Fundi alimwonea huruma, akamchorea kwenye boksi tupu, akampa na utepe wake. Wiki iliyofuata kijana akamtafuta kuja kusema asante. Asante ile haikuisha, na mwaka jana ikawa mapenzi.

Alirudisha kifuniko, akakaza skrubu, akatoka nje.

*

Walikuwa wanatembea kuelekea kwenye kona, Msafi akiwa amemshika mkono na kumwonyesha mahali watakaponunua mikate asubuhi, wakati mama wa duka la dawa alipotoka mlangoni.

"Baba, mgonjwa wetu hajambo? Dawa zake zimefika. Utazichukua, au nizitunze mpaka arudi?"

Msafi alipunga mkono, akaongeza mwendo. Mama akabaki amesimama.

"Amenifananisha," akasema Msafi.

Fundi akauchomoa mkono wake. Mbele yao kulikuwa na benchi, akakaa.

"Kaa hapa."

"Tunachelewa, dalali ana..."

"Nimefungua ile swichi, Msafi. Nimekuta utepe wangu."

Msafi akakaa polepole, akaushika uso wake kwa mikono miwili, na alipouinua ulikuwa umelowa. Fundi hakuwahi kumwona akilia. Hasira yote aliyokuwa ameiandaa ikapoa.

"Haikuwa ya shangazi," alisema Msafi. "Ilikuwa ya mke wangu."

"Una mke?"

"Nilikuwa naye. Alipata kiharusi. Nilimshushia swichi, nikampandishia soketi, nikamwekea bomba chooni. Mwaka juzi, ile mvua kubwa, akaniacha."

"Amefariki?"

"Amefariki, mpenzi. Nilishindwa kukwambia."

Fundi alihisi benchi linazama. Kwa miezi yote ile alikuwa amelala kwenye kifua cha mjane bila kujua. Akamuuliza mbona amempeleka kwenye nyumba yake mwenyewe kama mgeni. Msafi akaeleza, na maelezo yalinyooka kama shati lake. Kwamba marehemu alizikwa kwa wazazi wake, mbali, na mama wa duka la dawa hajawahi kuambiwa, anadhani bado yuko matibabuni. Kwamba hati ina jina lake, lakini waliojenga ni wazazi wa marehemu. Kwamba wazee wale wameachwa bila mtoto, naye amewaahidi ataiuza awape haki yao. Kwamba alipofikiria watu baki wakilala mle moyo ulimkataa, na alipojua Fundi anatafuta nyumba mtaa kama ule, akaona ni Mungu tu.

"Niliogopa ukijua ni ya marehemu utaikataa nyumba," akasema. "Halafu unikatae na mimi."

"Ungeniambia. Mimi siogopi waliokufa, naogopa waongo."

"Nisamehe."

Akamsamehe. Nani asingemsamehe? Mwanaume analia barabarani mchana kweupe, watu wanapita na vikapu vyao, na yeye hata hajifuti. Fundi ndiye aliyemfuta kwa kitambaa chake.

Usiku alimpigia shangazi simu, akamweleza kila kitu. Shangazi hakuwa mtu wa kushangaa haraka.

"Unasema alishusha swichi kwa mikono yake, kinyozi yule ambaye hata balbu ikiungua anaita mtu?"

"Kwa mikono yake, shangazi."

"Basi huyo ni mume. Mwanaume anayemlilia mkewe aliyekufa, na wewe atakulilia. Nunua nyumba, mwanangu, uolewe. Mimi nataka kucheza harusi kabla magoti hayajagoma."

Wakacheka wote wawili.

*

Siku ya kusaini kwa wakili, Fundi aliomba ruhusa kazini akatoka mchana na mkoba wake wa bisibisi begani. Hakupanda chochote, alitembea. Alitaka ayajue maungo ya mtaa wake kabla haujawa wake rasmi. Alinunua mkate. Aliwapisha watoto wa shule. Alijikuta anaimba kimoyomoyo kama mtu aliyepagawa. Kwa kuwa saa tisa ilikuwa bado, akaona apite kwenye ile nyumba, aitazame ile swichi kwa mara ya mwisho, aamue ataihamisha au ataiacha kwa heshima ya marehemu.

Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Akadhani dalali ametangulia.

"Hodi humu."

"Karibu, Fundi. Pita tu, mwenzio siwezi kuinuka."

Sebuleni palikuwa na mwanamke kwenye kiti cha magurudumu. Alikuwa na kilemba cha buluu na begi dogo miguuni, mkono wa kushoto umelala mapajani. Alikuwa anatazama ukuta wenye misumari mitupu. Fundi akajua huyu atakuwa ndugu wa marehemu, amekuja kuiaga nyumba. Akamwamkia kwa upole, akamuuliza amejuaje kama yeye ni fundi.

"Si kwa huo mkoba wa bisibisi?" Yule mama akacheka. Maneno yake yalitoka taratibu, kila moja likisubiri zamu. "Mume wangu aliniambia atamtafuta fundi wa kweli azipange upya hizi swichi. Alizishusha mwenyewe nilipougua, maskini, na umeme ulimrusha mara mbili. Ila sikujua anakuleta leo. Yeye mwenyewe hajui kama nimerudi. Nataka nimshtukize."

Fundi aliusikia mkate ukianguka sakafuni. Hakuhisi mikono yake ilipouachia.

"Mume wako," akasema.

"Kinyozi. Wanamwita Msafi. Si ndiye aliyekutuma?"

Fundi alimwangalia yule mama kuanzia kilemba mpaka viatu, kama mtu anayehakikisha kivuli kipo. Kivuli kilikuwepo.

"Mdogo wangu, kaa, unaanguka. Umekula leo?"

Akakaa chini, palepale sakafuni, karibu na mkate. Yule mama akasogeza kiti chake kwa mkono mmoja, akamwelezea, ili kumpa nafasi ya kupumua, kwamba yeye ni mwalimu wa chekechea, kwamba alikuwa kwenye kituo cha mazoezi ya viungo upande wa pili wa mji, kwamba mume wake alitaka abaki huko mpaka mwisho wa mwaka lakini daktari amemruhusu mapema. Na kwamba haelewi picha zake za ukutani zimekwenda wapi, labda Msafi anataka kupaka rangi.

Fundi angeweza kudanganya. Angeweza kusema amekuja kwa ajili ya swichi, azipige bisibisi, aondoke na aibu yake. Alifikiria hivyo, tena sana. Lakini mama yule alikuwa anamtazama kwa macho ya watu wanaofundisha watoto, macho yasiyokuruhusu.

"Dada, mimi aliniambia umekufa."

Mwalimu hakupepesa macho.

"Alisema nimekufa lini?"

"Mwaka juzi. Kwenye ile mvua kubwa."

"Mwaka juzi kwenye mvua ndiyo nilianza kupelekwa mazoezi. Alinibeba mgongoni mpaka kwenye gari." Akameza mate. "Akasema nilizikwa wapi?"

"Kwa wazazi wako. Alisema ndio waliojenga nyumba hii, na pesa za mauzo ni zao."

"Mauzo ya nini?"

"Ya nyumba, dada. Mimi ndiye ninayeinunua. Tunasaini leo saa tisa."

Mwalimu aliushika mkono wa kiti chake mpaka vifundo vikabadilika rangi.

"Mama yangu alitangulia nikiwa shule," akasema. "Baba sikumjua hata kwa picha. Nyumba hii tumenunua mimi na yeye kwa mishahara yetu. Mtaa niliuchagua mimi, kwa sababu nilitaka kutembea kwenda kufundisha. Jina tuliandika lake kwa sababu nilimwambia mume na mke hawagawani karatasi."

"Sasa akiba yangu ilikuwa inakwenda kwa nani?"

Jibu lilikuwa limeshakaa katikati yao, limekunja miguu.

Wakati huohuo simu ya Fundi ikalia mfukoni, ujumbe. Hajamaliza kuitoa, ya Mwalimu nayo ikalia juu ya begi. Wakatazamana. Fundi akasoma yake kwa sauti, maana alikuwa hana tena cha kuficha.

"Mpenzi wangu niko kwa wakili tayari. Njoo mapema tumalize tuanze maisha yetu. Nakupenda."

Mwalimu akasoma yake.

"Mke wangu leo wateja ni wengi sitapiga simu. Fanya mazoezi usiharakishe kurudi. Nakupenda."

Akairudia ile sehemu ya usiharakishe kurudi, taratibu, kama anayewasomea watoto ubaoni.

"Kumbe ndiyo maana alikuwa ananisifia hewa ya kwa kaka yangu shamba, eti nikitoka kituoni nikakae huko," akasema. "Kila akija kuniona, hewa, hewa. Nikasema mume wangu amekuwa mtu wa afya."

"Angeuza nyumba, halafu akaendelea kulala humu."

"Na wewe ndani yake."

"Na mimi ndani yake. Kwa pesa yangu." Fundi akamtazama machoni. "Dada, naapa sikujua. Kama ningejua..."

"Naona kwamba hukujua. Mtu anayejua haangushi mkate."

Akauliza ni saa ngapi. Fundi akamwambia imebaki nusu saa. Mwalimu akavuta begi lake kwa mguu wa kulia, akatoa kioo, akakaza kilemba vizuri.

"Wakili ni yule wa juu ya posta au wa mkabala na maktaba?"

"Wa mkabala na maktaba."

"Vizuri, hana ngazi. Twende."

*

Walikwenda kwa njia ya miguu, Mwalimu akijisukuma kwa mkono mmoja na Fundi akisaidia upande wa pili pale kiti kilipotaka kuzunguka. Kila hatua chache mtu alisimama kumpokea. Mama wa duka la dawa alitoka mbio. Watoto wawili wa shule walimwita kwa furaha. Mwalimu aliwajibu wote, akawauliza hali, akawaahidi kurudi darasani. Fundi alitembea pembeni ya mwanamke aliyezikwa mwaka juzi, akisikia jinsi alivyo hai.

Mlangoni kwa wakili Mwalimu akashika breki.

"Ingia wewe kwanza," akasema. "Nataka nisikie akisema mwenyewe. Ukisema wewe, atasema umetunga."

Ndani, Msafi aliinuka kumlaki. Alikuwa amevaa shati jeupe, ananukia. Dalali alikuwa kwenye kiti cha pembeni, amekumbatia mkoba wake. Wakili alikuwa mzee mkavu mwenye utaratibu wake, na utaratibu huo aliueleza kabla hajafungua jalada. Yeye huwa hamuulizi muuzaji maswali faraghani. Humuuliza mbele ya mnunuzi, ili kesho na keshokutwa asiwepo mtu wa kusema hakusikia.

"Mpenzi, mbona macho mekundu?" Msafi alinong'ona.

"Vumbi."

Wakili akauliza kama nyumba ina deni. Haina. Kama ina mpangaji. Haina.

"Una mke?"

Msafi akainamisha kichwa. Aliinamisha kwa ustadi mkubwa, mpaka hata Fundi, aliyejua kila kitu, alihisi huruma ikimgusa bega kwa mazoea.

"Nilikuwa naye, mzee. Mke wangu alifariki."

"Pole sana. Mwenyezi Mungu amrehemu."

"Amina," akasema Msafi.

Fundi akainuka, akaenda mlangoni, akaufungua wote.

"Dada, ingia. Unaulizwa."

Kiti kiliingia bila kelele. Mkoba wa dalali ulidondoka. Msafi aligeuka, na Fundi akautazama uso wake ukipoteza rangi, ukipoteza ule ulaini wote, mpaka akabaki mtu asiyemfahamu.

Wakili akavua miwani.

"Samahani, mama. Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye marehemu," akasema Mwalimu.

Wakili aliangalia huku na huku kama anayetafuta mtu wa kumweleza kwamba huo ni mzaha, akakosa. Akalifunga jalada.

"Na mnunuzi huyu ni nani kwako?" akauliza akimwonyesha Fundi.

"Huyu ni fundi wangu. Amekuja kurekebisha swichi."

"Mke wangu," Msafi alipiga magoti, kisha akageuka, "mpenzi," kisha akawa hajui amwangalie nani. "Nisikilizeni. Mimi si mtu mbaya. Nilichoka. Hamjui kumgeuza mtu usiku kucha, kumwogesha, kumlisha, na asubuhi unakwenda kuchekea wateja. Nilichoka nikataka kuishi kidogo. Nilishindwa kumwacha mgonjwa, watu wangesema nini?"

"Ukaona bora nife," alisema Mwalimu.

"Sikutaka ufe."

"Ungeniambia umechoka. Mimi mwenyewe nilikuwa naona umechoka. Ningekufungulia mlango uende na nguo zako, na ningekushukuru kwa kunibeba mgongoni." Alipumzika, maneno yalikuwa yamemchosha. "Sasa hayo ya kunibeba sijui niyaweke wapi."

Msafi akamgeukia Fundi, akaushika upindo wa nguo yake.

"Wewe nilikupenda kweli. Hilo sikudanganya."

Fundi alitaka kusema maneno mengi. Njia nzima alikuwa ameyapanga, makali, ya kumchana. Yalipofika mdomoni yakawa machache.

"Siku ile kwenye benchi, ulikuwa unalia nini?"

Hata kama angejibu, hakuna jibu ambalo lingemfaa mtu yeyote mle ndani. Fundi akautoa upindo wake mkononi mwake, bila nguvu. Dalali alikuwa ameanza kuapa pembeni kwamba yeye aliambiwa tu, kwamba yeye kazi yake ni kuonyesha vyumba. Wakili alimwonyesha mlango, kisha akamwambia Mwalimu kwamba nyumba haitauzwa kwa yeyote bila kauli yake, na kwamba kama anahitaji mtu wa kumsimamia yeye yupo.

Mwalimu akamshukuru. Akamwambia Msafi kwamba funguo aziache hapohapo mezani, nguo zake atazikuta kwenye saluni yake. Akageuza kiti.

*

Nje jua lilikuwa kali na maktaba inatoa watu. Fundi alisimama kando ya njia, akaegemea ukuta. Ndipo mshtuko ulipoanza kumtoka na maumivu kuchukua nafasi yake. Hakuwa na nyumba. Hakuwa na mchumba. Ile akiba ilikuwa salama benki, lakini katika saa ile haikumfaa kwa lolote. Alimlilia mtu ambaye hakuwepo, mjane mpole wa kwenye benchi, na kumlilia mtu ambaye hakuwepo kunauma vilevile.

Mwalimu hakulia. Alikaa wima kwenye kiti chake, akijibu salamu za wapita njia.

"Ulimpenda kweli?" akauliza bila kumtazama.

"Kweli, dada. Mpaka leo mchana nilikuwa nampenda."

"Mimi mpaka sasa hivi," alisema Mwalimu. "Nisukume, mdogo wangu. Nisukume haraka kabla hajatoka, asije akaniona nalia."

Fundi akajifuta kwa kiganja, akashika kiti kwa mikono yote miwili, akasukuma, na watu waliokuwa njiani wakawapisha.